Goti la Mdogo Wangu

Nilimtambua mdogo wangu kwa goti. Uso wake sikuoneshwa. Yule muuguzi mzee wa chumba cha maiti alipofunua shuka alianzia miguuni, taratibu, kama mtu aliyekwisha kusimama na madada wengi wiki ile. Kwenye goti la kushoto palikuwa na sugu nene, nyeusi, ngumu kama kisigino. Nikasema ni yeye, funika. Ilikuwa mwisho wa Agosti 2013, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na vita vya Kibati vilikuwa bado vinaendelea. Ukisimama uani pale hospitali ulikuwa unasikia mizinga.

Jina lake sitaliandika, maana sisi bado tunaishi mji huu. Naandika kwa ajili ya binti yake. Alimwacha akiwa mchanga na sasa ana miaka 13. Juzi ameniuliza baba yake alikuwa soda, yaani askari, wa namna gani. Nilianza kumjibu habari za vita, nikanyamaza. Vita vyake nilisimuliwa na wengine. Mimi ninachokijua kwa macho yangu ni kazi yake.

Sugu ile hakuitoa jeshini. Aliitoa kwenye chukudu, katika kushuka na viazi kutoka Kibumba, huko mlimani. Kwa asiyeijua Goma, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, hakina pedali, hakina mnyororo, hakina kiti. Seremala huitengeneza kwa mkaratusi na mbao ngumu nyingine, na magurudumu huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Mlimani unaisukuma kwa kifua. Tambarare unaweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unapiga chini. Mteremkoni unapanda pamoja na mzigo, na breki yako ni kipande cha mpira unachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Pale pa goti kila mtu hupigilia kipande cha sapatu au cha tairi asichubuke. Sugu huota hata hivyo. Mjini tuna sanamu ya mtu na chukudu yake, imepakwa rangi ya dhahabu, imesimama katikati ya mzunguko wa barabara, na watu wa mbali huja kupigia picha hapo. Mdogo wangu aliwahi kuniambia ataendesha chukudu mpaka naye wamweke pale.

Tulizaliwa Birere, mtaa wa hapa Goma. Baba alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wafanyabiashara kwa mgongo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na umati wote, mimi nimembeba mtoto wa shangazi, mdogo wangu mwenye miaka 12 ameshika sufuria ya maharagi iliyokuwa bado jikoni mama alipopiga kelele tutoke. Alifika nayo upande wa pili wa mpaka bila kumwaga. Tuliporudi, kiwanja chetu kilikuwa jiwe linalofuka moshi. Tukahamia Ndosho, nyumba ya mbao juu ya mawe, na miaka miwili baadaye baba akafa kwa ugonjwa wa kifua. Minervali, yaani karo ya shule, ikakosekana. Mdogo wangu akaacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari, na hakuna aliyelia, kwa sababu mtaani kwetu hilo lilikuwa jambo la kila nyumba.

Miaka 15 alianza kusukuma chukudu ya mtu mwingine kwa malipo ya siku. Miaka 17 alikuwa na yake, ya dola 80, ambazo alizichanga kidogo kidogo nami nikamwekea. Mimi nilikuwa na meza yangu ya viazi soko la Virunga. Aliondoka saa tisa usiku, akipanda zaidi ya kilomita 20 hadi Kibumba, wakati mwingine ameshika nyuma ya lori linalopanda polepole, jambo nililomkataza mara nyingi. Kule ni baridi. Alivaa koti la marehemu baba. Alipakia magunia manne, matano akiwa na nguvu, akayafunga kwa kamba za mpira, akateremka. Nilikuwa namsikia kabla ya kumwona, maana gurudumu la mbao juu ya mawe ya volkano lina mlio wake, na kila chukudu ina wa kwake. Nilijifunza biashara kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kiazi kilicholala njiani usiku mmoja kwenye mvua usikiweke chini ya gunia, na kwamba mkulima wa Kibumba ukimlipa siku unayomwahidi hata kama ni pungufu, msimu wa njaa atakuuzia wewe kwanza. Miaka ile miwili hatukulala njaa. Nataka binti yake alijue hilo mapema kabisa: baba yake alilisha nyumba ya watu sita kwa goti na kifua.

Oktoba 2008 vita vikafika Kibumba. Alikuwa kule na mzigo. Watu wenye silaha wakamkamata na chukudu yake, wakamburuza siku mbili akiwabebea vitu vyao, na usiku wa pili, kwa baridi, wakaipasua chukudu wakaikokea moto. Aliomba kitu kimoja tu, kile kipande cha mpira cha goti, na wakamwachia. Alifika Ndosho kwa miguu akiwa amekiweka mfukoni. Hakula siku ile. Alikaa nje juu ya jiwe, mama akamtolea uji, ukapoa pale pale.

Chukudu nyingine ingewezekana, watu wataniambia. Ndiyo, ingewezekana, kama mtaji wangu nao usingekuwa umekwisha. Viazi havikushuka kwa wiki kadhaa. Nilichokuwa nacho tulikula na ndugu waliokimbia kutoka Rutshuru wakalala kwetu, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Yeye akaponda kokoto, akabeba mchanga, akachota maji ziwani na kuuza bidoni kwa bidoni. Goti likapona ngozi ya juu lakini sugu ikabaki.

Mwaka 2011 akaniambia anaingia jeshi. Tuligombana. Nilimwambia mama atakufa. Akanijibu, akiniita yaya kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa: “Yaya, chukudu walininyang’anya. Bunduki, nani ataninyang’anya?” Neno hilo nimelibeba miaka hii yote, na kila ninapoligeuza naona jambo lile lile. Watu wakisikia kijana maskini ameingia jeshi husema ni uzalendo, au husema ni uvivu wa kutafuta kazi. Mdogo wangu alikuwa na kazi. Vita vilimnyang’anya kazi, kisha vikarudi vikamwita kwenye kazi ya vita vyenyewe, na mshahara juu. Alipenda nchi yake, simpunguzii hilo. Lakini kama ile chukudu isingechomwa, asubuhi ile ya kujiandikisha angekuwa njiani Kibumba.

Walimpeleka Kitona, magharibi kabisa, karibu na bahari ambayo mimi sijawahi kuiona. Huko alijifunza Lingala, kwa maana amri za jeshi letu ni Lingala, na wenzake walimjua mara moja kwa Kiswahili kilichomo ndani yake. Alikuwa ananibipa, nami nikipata inite, salio la simu, nampigia. Aliuliza kwanza bei ya viazi, halafu mama, halafu msichana aliyemwacha na mimba. Mtoto alizaliwa mwaka 2012. Januari 2013 tulipoanza likelemba mpya sokoni, yaani mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, watu 12, dola 10 kwa mwezi, aliniomba nimwandikie namba yake mwenyewe. Akapata namba 11, yaani Novemba. Pesa alinitumia kila solde, mshahara wa jeshi, ilipofika, ikichelewa nililipa mimi, akanirudishia. Alitaka chukudu. Alisema siku moja jeshi litamwachia aende, na hataki kuanza tena kwa mikono mitupu.

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 20 Novemba 2012, yeye alikuwa bado mbali. Waliondoka mjini tarehe 1 Desemba baada ya mazungumzo ya Kampala, lakini walibaki juu yetu, vilimani, na barabara ya Kibumba ikabaki ngumu. Katikati ya 2013 batalioni yake ikaletwa huku. Nilimwona mara tatu tu. Mara ya kwanza nilimpelekea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akala amesimama, haraka, akiangalia pembeni, namna ambayo hakuwa nayo zamani. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa mvua, kwa sababu matandiko hayatoshi. Kisha akatoa kile kipande cha mpira kwenye begi akanionesha, akicheka. Alipopiga goti kulenga shabaha au akiwa zamu ya usiku, alikiweka chini, maana mawe ya volkano yanakata hata suruali ya jeshi.

Mji ulikuwa umechangamka Julai ile. Mapigano yalianza tena upande wa Mutaho, na jina la Kanali Mamadou Ndala, kamanda wa jeshi letu, likawa mdomoni mwa kila mtoto. Iliposemwa kwamba ataitwa Kinshasa, watu walitoka barabarani kukataa. Motari, waendesha pikipiki za abiria, walikuwa wakiandamana na askari mpaka karibu na mstari wa mbele, wanawake wakiwapelekea maji na ndizi. Nami nilipeleka. Nilikuwa nampa maji kila kijana aliyenyoosha mkono, nikiwaza kwamba huko mbele mwanamke mwingine anampa wangu. Brigedi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeanza kufika, Watanzania na Waafrika Kusini; Mtanzania mmoja alikufa vitani tarehe 28 Agosti. Nilimlilia yule Mtanzania pia, kwa sababu nilijua maana yake kwa dada zake.

Mapigano makali yalianza Agosti 21, kwenye vilima vya Kibati, pale tunapopaita Antena Tatu. Mabomu yalianguka hata mjini, yakaua raia majumbani mwao. Kuhusu kifo chake nina maneno ya mwenzake tu, kijana wa Bandundu aliyekuja na begi. Alisema walikuwa wanapanda, asubuhi, ukungu bado, na mdogo wangu alikuwa anawaonesha njia kwa sababu alizijua njia zile zote kutoka enzi za chukudu. Bomu lilianguka kati yao. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Aliniletea begi, akanywa chai, akarudi mlimani siku ile ile. Sijui aliishia wapi. Namwombea.

Tulizika juu ya mawe, kwa sururu na nondo. Makaburi ya Goma huyachimbi, unayapasua. Matanga yalidumu siku nne, na hapa nina neno la uchungu kwa jamaa zangu na kwa kila familia. Siku nne zile tulikula pesa zote zilizochangwa. Turubai, mchele, vinywaji, kukodi viti. Siku ya tano mama wa mtoto hakuwa na sabuni. Kama ningerudishwa nyuma, nusu ya michango ningeifunga kwenye kitambaa mbele ya wazee wote na kutangaza ni ya mtoto, na atakayenuna anune.

Halafu zikaja karatasi. Niliambiwa kuna sheria, ile ya Januari 2013 inayohusu hali ya askari wa jeshi letu, na kwamba mjane na yatima wana haki zao. Nilikwenda katika ofisi niliyoelekezwa. Swali la kwanza: matrikule? Sikuwa nayo. Miaka miwili tuliongea kwa simu, namjua mpaka anavyokohoa, na namba yake ya jeshi sikuwahi kumwuliza. Swali la pili: cheti cha ndoa? Tulikuwa tumepeleka mbuzi wawili na shuka kwa wazazi wa msichana, wazee walikula na kubariki, lakini leta sivili, ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa na vizazi, hakuna aliyekwenda. Swali la tatu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto? Hapakuwa nacho. Mtoto alizaliwa, akapewa jina, akabatizwa, na sisi tukadhani imetosha. Yule karani alifunga daftari akanitazama kwa huruma, akasema: “Mama, kwenye karatasi huyu kijana hana mke wala mtoto.” Nilitoka nje nikakaa chini.

Ilinichukua miaka mitatu. Namba ya matrikule niliipata mwishowe ndani ya begi lake, imeandikwa kwa kalamu upande wa ndani wa mkanda, ambapo nilikuwa nimeiona mara mia bila kujua ni nini. Mtoto tulimwandikisha kwa hukumu ya mahakama, kwa gharama, kwa kuitwa na kurudishwa, wakati mtoto akizaliwa sheria yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha bure. Bure! Ndoa haikuwezekana tena kuandikwa, maana marehemu haolewi wala haoi. Mama wa mtoto hakupata chochote kwa jina lake mwenyewe, akaolewa kwingine, nami simlaumu hata kidogo. Mtoto akabaki kwangu, na alichopata kilikuwa kidogo na kilichelewa, lakini ana cheti chenye jina la baba yake, na ninapokitazama naona ni kitu.

Kwa hiyo wewe mwenye mdogo au mtoto aliye jeshini leo, usinisubirie nimalize hadithi. Mpigie. Mwambie akupe namba yake ya matrikule, jina la batalioni, na jina la mwenzake mmoja anayelala karibu naye. Kama ana mke wa kienyeji, siku akipata ruhusa ya kuja nyumbani, kabla hamjachinja kuku, waende kwanza wakaandikishe. Atasema unamtabiria kifo. Wangu angesema hivyo hivyo. Mwache aseme.

Tarehe 25 Oktoba mapigano yakaanza upya, na mara hii yakasonga haraka. Kibumba, Rutshuru, Rumangabo, Bunagana, na tarehe 5 Novemba M23 ikatangaza kumaliza vita vyake. Mji uliimba. Nilikuwa mezani kwangu sokoni, na viazi vya Kibumba vikaanza kushuka tena, vipya, bado na udongo mweusi. Nilinunua gunia la kwanza lililofika. Nilifurahi, kweli nilifurahi, huku machozi yananitoka, na wanawake wenzangu hawakuniuliza ni machozi ya nini. Miezi miwili baadaye, tarehe 2 Januari 2014, Mamadou Ndala akauawa karibu na Beni, na Goma nzima ikalia barabarani. Nikaona watu wanavyoweza kumlilia askari. Nikatamani kidogo cha kilio kile kwa vijana wote waliokuwa nyuma yake, ambao hawakuimbiwa hata wimbo.

Lakini nimeruka. Novemba, zamu ya namba 11.

Mdogo wangu alikuwa amelipa mpaka Agosti. Kwenye kikao cha Septemba mmoja wetu aliuliza kama namba ya marehemu ifutwe na pesa zirudishwe. Lilikuwa swali la haki, likelemba ni hesabu. Mama aliyekuwa anatushikia daftari, mwanamke wa Masisi ambaye naye alikuwa amepoteza watu wake, akasema namba ibaki kama dada yake atalipa. Nikalipa Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Tarehe ilipofika wakanihesabia dola 120 juu ya meza ya viazi, noti moja moja, na kwenye daftari wakaandika jina lake, si langu.

Nikaenda kwa seremala siku ile ile. Nikamwambia nataka chukudu ya mzigo, ya magunia matano, mkaratusi uliokauka vizuri. Alitaka kupigilia mpira mpya pale pa goti. Nikampa ule wa kwenye begi.

Imefanya kazi tangu hapo. Vijana watatu wameiendesha kwa zamu za miaka, kwa malipo ya siku, na karo ya mtoto imetoka humo. Mei 2021 Nyiragongo ilipopasuka tena, chukudu hiyo ilibeba magodoro yetu mpaka Sake. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, mavazi ya jeshi yalikuwa yametupwa barabarani kila upande na watu waliogopa hata picha. Nami nilichukua ile picha yake akiwa na sare, nikaifunga kwa plastiki, nikaizika chini ya sakafu. Nikazika na mkanda wenye namba, baada ya kuinakili namba penye ukurasa wa Zaburi. Ilikuwa siku ambazo wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiokota maiti mitaani, wengi wao vijana, na kila niliposikia gari lao nilijikuta nafikiria magoti.

Chukudu sikuificha. Ilibaki imeegemea ukuta wa nje, na hakuna aliyeiuliza ni ya nani.

Kijana anayeiendesha sasa amebadilisha magurudumu mara mbili na usukani mara moja. Mwezi uliopita aliniambia mpira wa goti umeliwa, umebaki mwembamba kama ulimi, anataka kuung’oa aweke mwingine. Binti ya mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo karibu. Akamwambia: “Yaya, leta mpya uupigilie juu yake.” Na ndivyo alivyofanya.